Yatima wa Kulipia

Ruangwa mjini, hatua chache kutoka stendi ya mabasi, kuna kibanda chenye ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: PICHA, FOTOKOPI, LAMINESHENI, KUOMBA VYUO NA MIKOPO. Chini kabisa, kwa herufi zilizobanana kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha, pameandikwa USHAURI. Kila nikipita pale nageuza uso, lakini macho hayasikii. Namwona mwenye kibanda kakaa mlangoni, kitambi kimeongezeka, simu tatu mezani, na wazazi wamejipanga kwenye benchi na bahasha za kaki mapajani, wametulia kama wanasubiri kuitwa kwa daktari. Nawadharau wote, yeye na wao. Dharau hiyo nimeilipia, kwa hiyo nina haki ya kuieleza.

Nilisoma kidato cha tano na cha sita Nachingwea, bweni, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Matokeo yangu yalikuwa mazuri. Nilitaka kusomea uuguzi, na nisijifanye kwamba nilikuwa na wito: nilimwona nesi mmoja wa zamu akimfokea daktari mbele ya wagonjwa, daktari akanywea, nikasema hii ndiyo kazi yangu. Nyumbani kwetu ni kijijini, kata ya Mbwemkuru. Baba alikuwa na mikorosho michache na shamba la ufuta, mke wa pili, na wadogo zangu watatu wa kulisha. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaanza darasa la kwanza. Ada ya chuo ilikuwa nje ya uwezo wetu kabisa, kwa hiyo palikuwa na njia moja tu, mkopo wa serikali. Nikiupata, naenda. Nikiukosa, narudi kuokota korosho na kungoja mtu aje na posa.

Maombi yalikuwa ya mtandaoni. Kulikuwa na mwongozo, na mimi nilikuwa nimetoka kufaulu baiolojia, najua kusoma. Binamu yangu alikuwa na simu janja. Ningekaa kwenye kigoda uani, nikafungua, nikasoma. Sikusoma. Kila niliyekutana naye aliniambia fomu ile haijazwi hivi hivi, ina ufundi wake. Mwalimu wangu mmoja aliniambia. Muuza chipsi aliniambia, na yeye hakufika hata kidato cha tatu. Ukiuliza ufundi gani, wanashusha sauti: yule bwana wa pale stendi anaujua mfumo, tena ana mtu wake huko juu. Huyo mtu wa huko juu hakuna aliyewahi kumwona, wala kulijua jina lake, wala kujua huko juu ni wapi. Lakini watu walimwamini kuliko walivyoamini macho yao, na mimi nikiwemo.

Sasa niwaelezee mtaalamu mwenyewe. Aliishi Dar miaka mitatu akisoma diploma ambayo jina lake lilibadilika kila alipoulizwa, na hakuimaliza. Alirudi na kompyuta mpakato iliyong'oka vitufe viwili, akawa anabonyeza mashimo yake kwa ncha ya kalamu. Aliandika kwa vidole viwili. Alijiita konsaltanti. Kuna watumishi wa serikali, watu wenye shahada na ofisi zenye mapazia, walioleta watoto wao pale na kumwita "mkuu". Hilo ndilo linalonishinda kabisa. Sisi tuliotoka Mbwemkuru tuna kisingizio cha ushamba. Wao je?

Tulikwenda mimi na baba, baada ya hela ya ufuta kuingia. Baba alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akabeba mfuko wa korosho za kukaanga kama zawadi, maana kwake haikuwa adabu kwenda kwa msomi mikono mitupu. Yule bwana alikuwa mdogo kwa baba kwa miaka isiyopungua thelathini.

"Mambo vipi, mzee wangu," akasema bila kuinua macho kwenye simu.

"Marahaba," baba akajibu. Aliitikia shikamoo ambayo hakupewa. Nilitaka kucheka, halafu nikaona aibu, na sikujua aibu ile ni ya nani.

Tukakaa. Mtaalamu akafungua mfuko wa korosho, akaanza kutafuna na kuuliza.

"Kazi ya mzee?"

"Mkulima, mwalimu." Baba alimwita mwalimu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mkulima wa nini?"

"Korosho. Na ufuta kidogo."

Jamaa akaguna kama amepewa habari ya msiba. "Korosho! Hapo ndipo watu wa huku mnapofeli, mzee wangu. Huko Dar wakisikia korosho wanajua una mpunga mfukoni. Si wanaona bei za mnada kwenye TV?"

"Mikorosho yangu ni ya kuhesabu kwa vidole, mwalimu."

"Sasa wao watakuja kuhesabu?" Akatema ganda. "Mama wa binti yupo?"

Baba akamwambia mama alishafariki, na cheti cha kifo tulikuwa nacho kwenye bahasha. Mtaalamu akakitazama, akakirudisha.

"Yatima nusu hana soko," akasema. "Yatima kamili ndiye anayekula asilimia mia."

Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno. Aliyasema kama mchuuzi anayeeleza bei ya dagaa. Baba aliinamisha kichwa kusikiliza, kama anavyosikiliza hotuba ya Ijumaa.

Ndipo mtaalamu akaulizia cheti changu cha kuzaliwa. Hatukuwa nacho. Kwetu watu wengi hawakati cheti mtoto anapozaliwa. Mtoto anazaliwa, anajulikana ni wa nani, inatosha. Cheti kinakuja kutafutwa chuo kinapokidai, mtu ana miaka ishirini na tayari anaota ndevu. Nilidhani mtaalamu atatugombeza. Badala yake uso wote ukachanua.

"Hamjakata? Safi sana! Basi tumepona. Mzee, una kaka au mdogo wako aliyefariki?"

Alikuwepo. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyenichukua nikaishi naye Nachingwea mama alipofariki. Ndiye aliyeniandikisha darasa la kwanza, na mwalimu alipouliza majina yangu alitaja jina langu, la babu na la ukoo. Alikuwa dereva, alifariki nikiwa kidato cha pili, na familia ilikata cheti cha kifo kwa ajili ya mafao yake. Yote hayo baba aliyaeleza kwa utaratibu, akijitahidi asiache kitu, hajui anajichimbia kaburi.

"Kwisha kazi," mtaalamu akasema. "Cheti cha kuzaliwa tunakata kwa jina la marehemu kaka yako. Jina la katikati la binti ni la babu, kwa hiyo halipingani na lolote. Binti anakuwa hana baba, hana mama. Mkopo nje nje."

Baba akauliza, "Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Mimi ninakuwa nani?"

"Unakuwa baba mdogo. Tena unamdhamini wewe mwenyewe, hatuhangaiki kutafuta mtu."

Baba akageuka akanitazama. Ningependa kuandika kwamba nilisimama, nikachukua bahasha yetu, nikamwambia yule mpumbavu kwamba baba yangu ni huyu hapa na anapumua. Sikusimama. Nilitazama kalenda iliyobandikwa ukutani. Nilikitaka chuo kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani, na nilikuwa na miaka ishirini.

"Baba," nikasema, "ni karatasi tu."

Akaitikia kwa kichwa. "Marehemu alimlea kweli," akamwambia mtaalamu, kama vile mtaalamu ndiye anayehitaji kutulizwa. "Si uongo sana."

Na hapo ndipo tulipojidanganya vizuri, kwa sababu kwetu kaka wa baba ni baba, hakuna anayebisha. Shangazi tulipomwomba awe shahidi, alishangaa tunamweleza kitu cha nini. "Baba mkubwa si baba? Alimlisha, akamvika, akamsomesha. Nipeni niweke dole gumba." Karani aliyepokea karatasi zetu hakuwa na kosa lolote, karatasi zilikuwa kamili na ndugu wote waliapa. Mila yetu nzuri ya kutomwacha mtoto bila baba tuliitumia kumnyang'anya baba mmoja jina.

Tuliporudi kibandani na cheti, baba alitakiwa kusaini udhamini. Palikuwa na sehemu ya kuandika uhusiano na mwombaji. Baba aliishia la saba na mwandiko wake ni wa taratibu, herufi moja moja, amebana ulimi kwenye meno. Aliandika B, aliandika A. Mtaalamu alikuwa anatazama saa kwa sababu jioni ile kulikuwa na mechi.

"Fasta, mzee wangu, foleni hiyo."

Baba akamaliza: Baba mdogo. Akapuliza wino ukauke. Kisha akalipa na kumshukuru yule mtu kwa mikono miwili.

Mkopo ulitoka. Nilipata vyote, ada, chakula, malazi. Pale stendi mtaalamu akanifanya tangazo: yule binti wa Mbwemkuru nilimtoa mimi. Wateja wakaongezeka. Nyumbani walichinja kuku, na baba aliongea kuliko siku zote, akimsifu mwalimu wa kompyuta.

Chuoni nilipangiwa chumba kimoja na msichana kutoka Nachingwea. Baba yake yupo, analima korosho, tena nyingi kuliko za kwetu. Mama yake yupo, anauza vitumbua. Muhula wa kwanza tulikuwa tunapika ugali, nikamuuliza nani alimjazia fomu ya mkopo, nikitegemea kusikia jina la mtaalamu mwingine.

"Nijaziwe na nani?" akashangaa. "Nilijaza mwenyewe kwenye simu. Jioni mbili, maana kwetu mtandao unakatika."

"Uliandika wazazi wote wapo?"

"Wapo, niandike nini?"

Tukalinganisha kwenye simu zetu. Alipata sawasawa na mimi, hadi shilingi ya mwisho. Usiku huo nilifungua ule mwongozo kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa kurasa chache, Kiswahili chepesi ambacho mdogo wangu wa darasa la sita angekisoma akiwa anakula muwa. Palikuwa na sehemu ya mzazi mkulima. Palikuwa na sehemu ya kueleza kwamba mama amefariki, na mama yangu alikuwa amefariki kweli. Ufundi haukuwepo. Mtu wa huko juu hakuwepo. Kulikuwa na maswali na nafasi za kujibu ukweli, na sisi tulikwenda kumlipa mjinga atujibie uongo.

Nilimtukana mtaalamu kimoyomoyo kwa miaka yote ya chuo, na bado naendelea. Lakini yeye alikuwa anauza tu. Aliyejua kusoma ni mimi. Na sikumwambia baba. Ningemwambiaje? Kwamba alijitoa bure?

Siku ya mahafali baba alikuja na basi kutoka Ruangwa. Kanzu ileile ya Idi, imepigwa pasi, na mkononi ua la plastiki alilouziwa getini. Nilikuwa nimesimama na wenzangu na wazazi wao, joho limenivuka mabega, nikamkimbilia. Mkufunzi wetu mmoja, mama mchangamfu, akatusogelea akiwa ananyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Huyu ndiye baba yako, eeh? Mmefanana!"

Nikafungua kinywa. Baba akaniwahi.

"Marahaba, mama. Hapana, mimi baba yake mdogo," akasema. "Baba yake mzazi alishatangulia."

Hakujikwaa hata neno moja. Hakuna aliyemwagiza aseme hivyo. Mkopo ulikuwa umekwisha kutoka, masomo yamekwisha, na mkufunzi yule hakuhusika na fomu ya mtu yeyote. Baba alikuwa amekaa njia nzima ndani ya basi akiyafanyia mazoezi maneno hayo ili asiniharibie.

"Ooh, pole sana, mzee. Na hongera kwa kumlea."

"Ahsante. Kaka angefurahi."

Mpiga picha akatupanga. Wazazi mbele pamoja na wahitimu, akasema, ndugu wengine nyuma. Baba akaenda nyuma bila kuambiwa mara ya pili. Mimi nilibaki mbele, peke yangu, kati ya wazazi wa mwenzangu wa chumba, mama wa vitumbua na mumewe, nikatabasamu kama nilivyoamriwa. Sikugeuka.

Watu walipotawanyika alinijia taratibu, akasimama karibu sana, akaongea kwa sauti ya chini.

"Nimesema sawa?"

"Umesema sawa, Baba."

Akageuka haraka, akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyenisikia nikimwita hivyo.