Hodi ya Mlingotini

Haya yalinipata mimi, mchana kweupe, na sikuwa na homa wala sikuwa nimelewa. Anayetaka kucheka acheke sasa.

Asubuhi ile niliondoka Chalinze bila mpango, nikapanda gari la kwanza lenye nafasi, nikaishia Mlingotini. Shule niliiacha mapema, lakini kompyuta nimejifunza kwa kuzichokonoa. Nikaulizia kazi, nikapelekwa kwa Bi Zuhura, mjane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi kweli, au na wewe mwingine wa kubahatisha?"

Marehemu mumewe alikuwa akirekodi kaswida. Aliacha laptopu ikiwaka, diski imefungwa kwa nywila, na nywila akaondoka nayo. Ikizimwa mara moja tu, sauti yake pekee iliyobaki imepotea. Kesho yake ilikuwa hitima, na mjane alitaka kuisikia.

Sasa mkwewe, akihangaikia programu mpya ya kuchezeshea rekodi hiyo, alikuwa ameitoa maktaba ya zamani ya lugha ya C akaweka mpya. Unaijua maktaba hiyo? Ni fungu la kazi za msingi ambalo karibu kila programu huliegemea. Kiunganishi, kile kinachoipa programu maktaba zake inapoamka, hakikuelewana na ile mpya. Kila amri niliyoandika ilikufa palepale, hata ya kunakili faili. Lilibaki dirisha moja jeusi la kuandikia amri, lililofunguliwa kabla ya balaa. Na umeme ulikuwa umekatika, betri inakwisha.

Nimeinama, jasho linanitoka, nikasikia mlangoni: "Hodi."

Huku pwani nani asiyeitikia hodi? Nikajibu bila kugeuka, "Karibu, pita ndani, baba."

Akasimama nyuma ya bega langu. Ananukia karafuu maiti.

"Usilifunge hilo dirisha, kijana. Maktaba ya zamani ipo, mkwe kaihamishia folda nyingine, pamoja na kiunganishi chake. Kiite hicho kwa njia yake kamili, kionyeshe folda hiyo, chenyewe ndicho kiamshe programu ya kunakili."

Nikaandika. Amri zikafufuka, nikairudisha maktaba mahali pake. Umeme nao ukarudi.

"Ahsante, baba." Nikageuka. Hakuna mtu.

Bi Zuhura alikuwa ameketi mlangoni, na mlango ni huo mmoja. "Unaongea na nani, fundi?"

"Na mzee aliyeingia."

"Hapa hajapita mtu."

Tukaifungua rekodi. Kaswida, kikohozi, kimya. Kisha sauti ileile: "Hodi." Na, amini usiamini, mtu akaitikia: "Karibu, pita ndani, baba." Ilikuwa sauti yangu, kwenye rekodi ya mwaka uliotangulia, wakati mimi Mlingotini sijawahi hata kuiota.

Mjane alinitazama sana, machozi yakimtoka. "Mimi nina sauti ya mume wangu, inanitosha. Yeye umemkaribisha wewe. Nenda naye."

Jioni nilifika Lugoba, nikapata gesti. Mwenye gesti akanifungulia chumba, akachungulia nyuma yangu.

"Na mzee wako naye analala humu humu?"

Mpaka leo kila gesti huniuliza hivyo. Kwa hiyo wewe, ukibadilisha maktaba hiyo, acha dirisha moja wazi. Lakini ukisikia hodi umeinamia kazi, funga mdomo, geuka kwanza uone uso.