Tone Ndani ya Silinda

Mtaani walimwita Baba Uzi, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani tangu ujana. Binti yake wa pekee alichagua spana badala ya sindano. Hakumkataza, ila gereji ya bintiye hakuwahi kuikanyaga. Moyoni aliamini ufundi wa magari ni kugonga, kusukuma na kujipaka grisi.

Gari lake kuukuu lilipoanza kupoteza maji ya rejeta bila kuvuja hata tone chini, hakuwa na pa kukimbilia ila huko.

Binti alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na uji mzito, rangi ya chai ya maziwa.

"Kwani limekufa?" baba aliuliza.

"Tusilizike bado."

Akapasha moto kipande cha bati, akadondoshea oili kidogo. Ikachachatika na kuruka.

"Umesikia, baba? Hayo ni maji. Oili safi ingetoa moshi tu. Sasa tutafute yanapopita."

Akafungua plagi zote, akafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo mpaka mshale wa geji ukapanda. Kisha akaketi juu ya tairi, akiutazama mshale. Mtoto huyu aliyekuwa hatulii hata kwa kula! Baba Uzi akajikuta naye anapumua polepole. Mshale ukaanza kushuka, kidogo kidogo: upepo ulikuwa unapenya mahali ndani.

Binti akaingiza kamera ndogo yenye waya kwenye tundu la plagi, akampa baba simu iliyounganishwa nayo. "Angalia hapo."

Baba Uzi alisogeza kioo cha simu karibu na miwani. Ukuta wa silinda ulimeta, umejaa mistari myembamba iliyopishana kama nyuzi za kitambaa kizuri.

"Nani kafuma humu?"

"Ilichongwa hivyo kiwandani, ili oili ishike."

Miaka yote hiyo alikuwa amekalia kazi ya namna ile bila kujua. Kabla hajasema neno, ukingoni juu kukatokea tone. Likavimba, likang'aa, likateremka. Kisha jingine. Vinyweleo vya mikono vikamsimama.

"Gasketi inayoziba kifuniko cha silinda imekatika hapo," binti alisema kwa sauti ya chini.

Alipoifungua injini, gasketi ilikuwa imekatika palepale. Akaweka mpya, akabadilisha oili mara mbili mpaka uji wote ukaisha, na gari likapona.

Siku hizi Baba Uzi hufunga duka mapema. Huenda gereji, akakaa juu ya tairi, akaomba aonyeshwe ndani ya injini nyingine.