Pole kwa Wenye Nyumba

Juzi binti yangu alinitumia picha ya ile nyumba ya kale iliyo ndani ya ngome ya Mombasa. Mimi si mtu wa safari. Niliingia humo mara moja, tena kwa shida.

Nilikuwa mtoto, tukatoka kwetu Sagalla kwa ziara ya shule. Mlangoni palinukia chumvi na popo. Wenzangu wakaingia, mimi nikabaki nikipiga hodi, kwa kuwa Mama alikataza kuingia nyumba isiyoitika.

“Wenyewe walikufa zamani,” mwalimu akasema. “Ingia, ama basi likuache.”

Nikaona tumekuja matangani mikono mitupu. Nikamshika mkono mlinzi aliyekaa mlangoni. “Pole, mzee.”

Hakucheka. “Tumeshapoa, mwanangu. Karibu ndani.”

Nikavua viatu, nikaingia. Leo najua mzee hakuwa amefiwa. Aliyepoa siku ile ni mimi.