Ubatizo wa Baba

Wakati wa Mjerumani, baba yangu aliomba kubatizwa katika misheni iliyokuwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwalimu wa dini alimwambia abaki kwanza na mke mmoja. Mama yangu alikuwa wa pili.

Baba aliporudi nyumbani, mama alimuuliza, "Baba watoto, huyo Mungu atakuokoa wewe kwa kunifukuza mimi?"

Baba aliinamisha kichwa. "Wameniambia hakuna njia nyingine."

Kesho yake mama alinibebesha mdogo wangu mgongoni, tukahamia kwa mjomba, kijiji cha Oldonyo Sambu. Baba akabatizwa. Nilipokuwa msichana mkubwa nilibatizwa pia. Mama hakunizuia, ila hakuja kanisani. Hadi leo nikimwombea baba, hasira hunijia kabla ya maneno.