Vile Nilipata Jina la Saa Nane

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, lakini kwa vile Kitale nzima sasa inaniita Saa Nane, wacha niwaambie mwenyewe.

Mimi hufanya kazi na Madam Nafula, ule mama wa kukagua majengo ya kitambo kama yana asbesto, ile kitu ya paa za zamani inaharibu mapafu (shule yake sijaenda, nilijifunza kwa kumwangalia tu). Alhamisi tukashuka Bungoma, ukumbi wa kanisa, vyumba kumi na moja, Jumamosi kuna harusi hapo, na Madam ameomba siku mbili. Mwenyekiti wa kanisa akaanza, "Siku mbili? Kuangalia paa tu? Huyu mama ni kinyonga!" Bana, mtu akigusa Madam mimi huchemka. Nikaropoka, "Mzee, leo saa nane kamili tumemaliza!"

Madam alikuwa kwa gari anavaa ovaroli, hakusikia. Mwenyekiti akapigia akina mama wa mapambo simu wakuje hiyo saa nane.

Sasa saa saba na nusu Madam ako chumba cha nne, anapulizia maji, anakata kipande kama ukucha, anaweka kwa mfuko wake, anaandika ni ya wapi, polepole, na huko nje vigelegele za akina mama zimeanza. Nikamwambia, "Madam, hizo saba niachie." Nikakata mbio mbio, nikasokomeza zote kwa mfuko moja (ati nitaandika baadaye!).

Madam akafungua. "Hii ni ya jikoni ama ya choo?"

Nikakigeuza huku na huku.

"Na hii?"

Ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe sufuria moja, watu wangu. Mama mmoja akachungulia mlangoni na maua yake. "Woi, si mlisema saa nane?"

"Nani alisema saa nane?" Madam akauliza.

Vidole zote kwangu. Hata mwenyekiti!

Nikangoja kufutwa. Madam akawaambia tu, "Huyu ni kijana wangu. Kosa ni langu. Tunaanza upya, ukumbi hamtapata mpaka Jumapili." Hiyo iliniuma kuliko kofi, kwa vile jina nililokuwa natetea ndiyo nimechafua.

Harusi ikafanyiwa kwa uwanja. Nani alibeba viti zote? Mimi. Saa sita wageni wakaanza kula kuku, njaa inaniua, nikanyoosha sahani, nyanya wa bibi harusi akafunika sufuria.

"Wewe, mtoto wangu, si chakula yako ni saa nane?"

Na nikangoja, haki! Hiyo jina ikafika kwetu Kitale kabla yangu. Siku hizi mtu akiniuliza kazi itachukua muda gani, namwonyesha Madam, nafunga mdomo.