Usiende Kung'oa Gego na Mshenga

Ukienda kufanyiwa upasuaji wa gego, nenda umekula, nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na mtu huyo asiwe mshenga wako. Mawili ya kwanza niliambiwa na muuguzi kwa simu. La tatu hakuna aliyeniambia, nadhani kwa sababu Dubai nzima hapakuwa na mgonjwa mwingine aliyehitaji kuambiwa.

Gego lenyewe lilikuwa la mwisho, chini kulia, limejilaza ndani ya ufizi badala ya kusimama kama wenzake. Lilianza kunisumbua wakati uleule niliokuwa natafuta mke. Binti niliyemtaka alikuwa keshia katika duka moja la mall, karibu na hoteli niliyofanyia kazi kule Al Barsha. Kwao ni Wazanzibari wa zamani wa Dubai, waliohamia huko kabla mimi sijazaliwa. Baba yake alishafariki, mjomba yupo lakini si msemaji, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mama. Na mama alishatoa kauli: mposaji aje mwenyewe Ijumaa baada ya swala. Kwa desturi mposaji hubaki nyumbani akisubiri majibu, lakini mama huyu alisema mtu humjui kwa kusimuliwa, unamjua ukimwona anavyokula.

Anavyokula! Mimi siku hizo nilikuwa natafunia upande mmoja. Wenzangu wa chumbani kule Al Qusais walishazoea kuniona nimelala na karafuu shavuni, pakiti ya asprini chini ya mto. Nikajiona mwerevu: gego litoke Jumatano, Alhamisi nipumzike, Ijumaa nikae mbele ya biriani na mdomo mpya.

Mshenga wangu alikuwa mzee wa Kitanga, dereva, aliyekaa Ghuba mpaka akawa anaota kwa Kiarabu. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi ya kunisifu. Ndiye aliyekuwa na gari, ndiye aliyenipeleka. Daktari angeweza kunihoji kwa Kiingereza changu cha hotelini, lakini mzee alimuwahi kwa salamu ndefu ya Kiarabu, na kuanzia hapo nikawa mtu wa kuzungumziwa. Mdomo ulikuwa haufunguki vizuri, na isitoshe mimi nimelelewa kutomkatiza mzee. Mazungumzo yao niliyaelewa nusu. Nusu nyingine mzee alinisimulia garini wakati wa kurudi, akijipongeza.

"Anatumia dawa yoyote?" daktari aliuliza.

"Dawa? Huyu? Mzima, doctor, hajui hata kuugua."

"Amekula leo?"

"Si mtu wa tamaa ya chakula."

"Ana shughuli yoyote siku hizi mbili tatu? Uso utavimba, na siku ya pili na ya tatu ndipo utavimba zaidi."

"Hana shughuli, doctor. Ni kijana wa kutulia nyumbani."

Ningekuwa natafuta mke kwa daktari yule, ningepewa palepale.

Upasuaji wenyewe si wa kutisha kama watu wanavyosema. Ukishapigwa ganzi husikii maumivu, unasikia nguvu tu, mtu anasukuma na kuvuta kitu ambacho unajua ni chako. Jino likatoka vipande vipande. Kilichokataa kuisha ni damu. Daktari akakandamiza, akashona, akakandamiza tena, kisha akaniuliza mimi, kwa Kiingereza, nimemeza nini. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa pakiti ya asprini.

"Haji," daktari alimgeukia mzee, "ulisema hatumii dawa."

"Hiyo si dawa, doctor. Ni asprini tu."

Daktari alifumba macho kidogo. Halafu akaeleza, taratibu, kwamba asprini huifanya damu ichelewe kuganda, na kwamba angejua mapema angejipanga. Nilibaki pale nimeng'ata shashi, wagonjwa wengine wakichungulia mlangoni, mzee akiwaeleza kwamba mimi ni jasiri sana. Nilikasirika kweli, lakini mtu aliyeng'ata shashi hana pa kuitolea hasira yake. Nilipoachiwa niende niliagizwa nisisukutue siku ile, nisiteme kwa nguvu, nisitumie mrija, na kwa siku kadhaa nile vitu laini visivyo na moto.

Ijumaa asubuhi nilijitazama kwenye kioo, shavu la kulia likawa limeshaamua kuwa la mtu mwingine. Nikamwambia mzee tuwapigie simu tuahirishe. Akakataa katakata.

"Posa haiahirishwi kwa ajili ya jino, kijana. Tukisema unaumwa, watasema tumewapelekea mgonjwa. Wewe kaa kimya, niachie mimi."

Nilimwachia. Nilikuwa naogopa kumkosa yule binti, na mtu mwenye hofu anakubali chochote.

Mama alitupokea kwa bashasha, akatukalisha kwenye mazulia, mjomba pembeni na tasbihi yake. Kisha akanitazama.

"Huyu kijana ana nini shavuni?"

"Maumbile, Bi Mkubwa," mzee alijibu bila kupepesa. "Ukoo wao wamejaaliwa mashavu."

"Ya upande mmoja?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, nami nilikijua kikohozi kile kilivyo karibu na kicheko. Mzee hakuyumba. Aliendelea kunipamba: mzima, hana maradhi, anakula kila anachopewa. Mama akasema vyema, basi ale. Biriani ikaja na pilipili yake na achari yake. Nikala. Nilimeza minofu bila kuitafuna, machozi yananitoka, na mzee akaeleza kuwa nimeguswa na ukarimu. Ikaja kahawa ya moto. Nikanywa. Ikaja halua nyeusi, nzito, ile ya kuvutana nayo. Nikaiweka mdomoni, ikashika uzi wa mshono, nami nikavuta.

Damu ilidondoka kwenye kanzu nyeupe. Mzee akafungua mdomo kueleza.

"Khalas!" mama alisema. "Baba yangu, nyamaza."

Alinipa kitambaa safi na kuniambia ning'ate. Akaninyang'anya sahani. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Jino tu hilo, mmenificha. Likiwa jambo kubwa n'tajuwa lini, mwanangu keshazaa?" Akamgeukia mshenga. "Mpeleke kwa tabibu wake. Kama bado wataka mke, Ijumaa ijayo mrudi, na huyu aje na mdomo wake mwenyewe."

Wiki ile nilirudi kwa daktari peke yangu, kwa teksi. Kidonda kilikuwa wazi mpaka mfupa, na maumivu yake yalinipanda sikioni mpaka nikalikumbuka gego kwa mapenzi. Daktari alikisafisha akakijaza dawa yenye harufu ya karafuu. Safari hii aliniuliza mimi, nami nikamwambia yote: asprini, biriani, kahawa, halua, ukwe. Alicheka mpaka akavua barakoa.

Ijumaa ya pili shavu lilikuwa limepungua. Mzee alikuja nami, kwa kuwa bila mshenga si posa, lakini garini nilimwomba anisalimie tu kwa wakwe, basi. Alinuna mpaka tukafika. Tulipoketi, mama hakuuliza habari za ukoo wala za kazi.

"Lauma?"

Nilimsikia mzee akivuta pumzi kando yangu. Nikamuwahi.

"Linauma, mama. Juzi nililia. Tena naogopa, maana ukininyima binti yako kwa ajili ya jino hili sitajisamehe."

Mjomba akaacha kuhesabu tasbihi. Nyuma ya pazia hapakuwa na kikohozi.

"Haya," mama alisema. "Leo ndiyo umekuja kuposa."

Akamwita binti yake alete uji, upoe kwanza.