Uchafu wa Babu Kikohozi

"Uchafu ule ulikuwa na mwenyewe, Mama!"

"Hata funza ana mwenyewe, mwanangu, lakini akishatolewa kidoleni hakuna anayemlilia."

"Mama!"

"Bee, mkwe wangu."

Mama Povu alifumba macho, akayafumbua. Ukigombana na mama yako mzazi unaweza kubamiza mlango, mtaa mzima ukajua. Ukigombana na mama mkwe, mlango haubamizwi, sauti haipandi kupita kimo cha meza, na kila neno la hasira sharti livalishwe shati la heshima kwanza, lifungwe vifungo, ndipo litoke. Likishatoka limekuwa pole kama salamu, na hasira yenyewe imebaki tumboni inatokota.

Mezani, juu ya taulo, zilikaa raba mbili nyeupe kama meno ya bandia. Mama mkwe alikuwa amezipanga pua zikitazama mlango, ili mwenyewe akiingia tu apofuke kwa furaha.

"Tazama soli," alisema, bila hata chembe ya kujuta. "Tazama hapa kwenye mshono. Nimepita na mswaki, nikarudi na kijiti. Wewe mwenyewe ulisema mkono wangu unafaa kwa kazi hii."

"Nilisema kwenye kamba, Mama. Nilisifu kamba."

"Kamba ni mkia wa kiatu. Aliyesifu mkia kamsifu ng'ombe mzima."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alikuwa ametia maji, sabuni ya unga, dawa ya meno, na nguvu za mikono iliyofua nepi za watoto wanane. Angepewa kunguru, angemrudisha njiwa.

Mume wa Mama Povu, kinyozi mpole ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni, alikaa kwenye mkono wa kochi, maana kochi lenyewe lilikuwa limekaliwa na viatu. Alikunywa chai yake akichungulia ndani ya kikombe, kama mtu anayetafuta kama kuna mlango wa kutokea huko chini.

Katika nyumba ile viatu ndio waliokuwa wenyeji, binadamu walikuwa wapangaji. Raba zilining'inia kwenye waya wa pazia. Raba zilijaa kwenye kabati la vioo la mama mkwe, mahali palipokuwa pa sahani za wageni, na sahani zikahamia chini ya kitanda. Ukitaka kuoga, ulisubiri kwanza zilizotangulia zimalize. Na yote hayo yalianza siku Mama Povu alipochoka na harufu ya raba za mumewe, akazikamata kwa hasira, akazisugua mpaka mwenyewe akazipita mlangoni bila kuzitambua. Habari ikatoka nje. Watu wakaanza kuleta.

Raba ikifika ilivuliwa kamba, kamba zikalazwa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Kitambaa kilipewa brashi laini, soli brashi ngumu, mshono mswaki. Ikishaoga ilijazwa matambara tumboni isinyauke, ikazungushiwa karatasi ya chooni kama mgonjwa wa kichwa, ili ikikauka ile rangi ya manjano inayoachwa na sabuni iishie kwenye karatasi. Kisha ikaanikwa kivulini, maana jua hung'oa gundi. Iliyochoka kabisa ilipakwa rangi, utando juu ya utando, na wapenda makuu walichorewa miali ya moto, chui, hata sura za wachumba. Bwana mmoja alichorewa mchumba, akarudi afutiwe, akachorewa mwingine kiatu kile kile, na sasa kiatu kilikuwa kizito kuliko mwenyewe.

Usiulize vilivyoletwa. Kuna raba ililetwa nyeusi, ikaoshwa ikawa kahawia, ikaoshwa ikawa nyekundu, ikaoshwa ikatoka nyeupe, na mwenyewe akaapa si yake. Kuna nyingine paka wa jirani aliinusa mara moja tu, na tangu siku hiyo panya wakipita mbele yake anadhani ni upepo. Ndiyo maana Mama Povu aliweka sheria, akaitangaza kwa kidole juu: kiatu kichafu hakilali ndani ya nyumba hii. Sheria ilishika mizizi. Hata nzi walipofika mlangoni walifuta miguu kwanza.

Sasa raba hizi za mezani zilikuwa za Babu Kikohozi. Hakuwa babu wa mtu, na kifua chake kilikuwa kizima kama ngoma mpya. Alikuwa kijana mchekeshaji wa ukumbi wa maigizo, mwenye ndevu za kubandika. Alitokea jukwaani akiburuta miguu na kukohoa, akaweka mguu mbele ya watu na kuwauliza leo wanataka doa gani. Watu wakapiga kelele: la kisigino! La ubavuni! Naye akakitoa kisa cha doa hilo, mpaka watu wakaomba poo. Lilikuwapo doa la mchuzi wa harusi aliyoingia bila mwaliko. Lilikuwapo la rangi ya kijani, la benchi la mahakama alilokalia akiegemeza kisigino kabla halijakauka, akahukumiwa yeye badala ya mshtakiwa. Mtu yule hakuwa na daftari wala kumbukumbu. Kazi yake yote ilikuwa miguuni. Soli ya kulia ilipoachia mdomo, alizileta mwenyewe, amezipakata kama mtoto mchanga.

"Fundi, nifungie mdomo huu tu," alisema. "Ukiziosha, umeniosha na mimi."

Na mwenye ukumbi, mama mmoja wa maneno machache, alikuwa ameshasema: Kikohozi akiridhika, viatu vyote vya maigizo vitakuja kwako, na chumba cha nyuma ya jukwaa ukae wewe. Mama Povu alikwenda kukiona. Kina sinki. Kina dirisha. Kina rafu mpaka darini. Alisimama katikati akanyoosha mikono pande zote mbili, na mikono haikugusa kitu. Kidogo alie.

Mdomo wa raba aliufunga vizuri. Alipaka gundi pande zote mbili, akangoja mpaka haikushika kidole, akabana, akazungushia mpira wa baiskeli. Asubuhi, akienda kununua rangi, akamwambia mama mkwe: "Mama, hizi usiziguse, gundi haijakauka." Ile sababu ya kweli hakuisema. Aliona haya. Yeye wa kidole juu, yeye wa kiatu kichafu hakilali, aseme kwa mdomo wake kwamba amepokea kazi ya kuutunza uchafu? Angechekwa mpaka ngozi ya masikio ibabuke.

"Hebu tuelewane," alisema sasa mama mkwe, akikunja mikono. "Uliniambia nisiguse kwa sababu gani?"

"Ya gundi."

"Gundi ilipokauka nikafanya nini?"

"Ukagusa, Mama."

"Basi kosa langu liko wapi? Nionyeshe nalo nilioshe."

Mama Povu alifungua mdomo, akakosa neno lenye shati. Akaugeukia ukuta, akauambia ukuta: "Mungu wangu, nipe subira, na uniletee sasa hivi."

Hapo kinyozi aliona heri aseme. "Mama, hapa chumba ndicho kinachokwenda na maji."

"Chumba kipi?"

"Cha ukumbini. Huyu Kikohozi angeridhika, mke wangu angepewa chumba. Angehamishia kazi huko."

Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja. "Viatu hivi vingehama?"

"Vyote."

"Hata vya kwenye kabati langu?"

"Hata vya kwenye kabati lako."

Mama mkwe alijikalisha kochini, juu ya viatu vya watu, navyo vikalia. "Na mlikuwa mnaninyima habari hii mpaka lini? Mpaka nife sahani zangu zimelala chini ya kitanda?" Kabla hajajibiwa alikuwa ameshasimama tena. "Mnangoja nini? Leteni uchafu!"

Usidhani uchafu ni kitu cha kuokota tu. Walitafuta ndani, hawakuupata. Mama mkwe alipitisha kidole juu ya kabati, kikatoka kisafi kuliko kilivyoingia. Alichungulia chini ya jiko. Pangeweza kuliwa chakula pale. Mama Povu alifuata nyuma akihema kwa kukereka, anaiona sheria yake inamcheka kila pembe. Ikabidi kinyozi atumwe kwa fundi magari akaombe tambara la grisi.

"Nimwambie la nini?"

"Mwambie mama yako anaumwa!" alisema Mama Povu.

"Ndiyo, mwambie naumwa," alisema mama mkwe. "Naumwa na usafi."

Kinyozi aliondoka akirudi akirudi, mara ameuliza kama tambara moja linatosha, mara ameuliza kama grisi ni ya zamani au mpya, mpaka mkewe akamsukuma kwa mgongo wa brashi. Wakati huo Mama Povu alichemsha majani ya chai mpaka maji yakawa kama lami, akachovya sifongo, akagusa ubavu wa raba ya kushoto. Akagusa tena. Akarudi nyuma kutazama.

"Hilo ni doa?" aliuliza mama mkwe.

"Ni doa, Mama."

"Hilo ni ua. Limekaa duara, lina kingo. Ungeliweka kwenye shela ya bibi harusi."

Na kweli. Mkono uliozoea kupaka rangi bila kuvuka mstari ulikataa katakata kuchafua ovyo. Alijaribu la pili, likatoka pacha wa la kwanza. Alirusha sifongo kwa hasira. Ilianguka juu ya raba, ikaacha alama nzuri ya kutisha, ya kichafu, haina mbele wala nyuma.

"Hilo sasa!" alisema mama mkwe, akipiga makofi. "Kasirika tena!"

"Sihitaji kuambiwa, Mama."

Kinyozi aliporudi na tambara, ugomvi ulihamia kwenye ramani. Yeye alikumbuka kijani ya mahakama ilikuwa kwenye kisigino cha kushoto. Mkewe alisema kulia. Yeye akasema alikuwa safu ya tatu, aliona kwa macho yake. Mkewe akamwuliza, kushoto kwa nani, kwako au kwa Kikohozi? Kinyozi akageuka na kikombe chake, akageuka tena, akajipoteza mwenyewe.

"Na mchuzi wa harusi?"

"Puani."

"Puani kulia?"

"Mke wangu, nilikuwa nacheka. Mtu anayecheka hapimi."

"Miaka kumi na mbili ya kazi yako unashika vichwa vya watu, hujui kulia na kushoto!"

"Vichwani hakuna raba."

Jambo lingine likawashinda. Raba ikiwa tupu mezani, ngozi yake imenyooka. Madoa hayaonyeshi mikunjo, yanakaa kama yamepigwa muhuri. Kiatu cha kazi hukunjika penye vidole, na uchafu hulala ndani ya mkunjo. Mama Povu alijua hilo kama anavyojua jina lake. Inabidi kivaliwe. Mumewe ana mguu wa jahazi. Yeye mwenyewe ndiye anayepaka.

Wote wawili wakamtazama mama mkwe.

"Lete soksi," alisema yule bibi.

Alijazwa soksi mbili mbili, akafungwa kamba, akaburuzwa uani kwenye mchanga, akazunguka bomba la maji akisaga visigino. Kisha wakamrudisha sebuleni, mlango ukaachwa wazi harufu ya grisi itoke. Aliketi, akapandisha mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, na Mama Povu akapiga magoti mbele yake na sifongo ya chai. Hivyo ndivyo hasira za asubuhi nzima zilivyomfikisha: amepiga magoti miguuni pa aliyemharibia, anampaka.

"Kunja vidole, Mama."

"Nimekunja."

"Zaidi."

"Nikikunja zaidi nitaitwa ndege. Paka hapa, hapa puani. Hapa paka kubwa."

"Hapa hapakuwa na doa."

"Sasa lipo. Unadhani madoa yanazaliwa na vyeti? Hili ni la siku niliyokwenda kumposea mwanangu mke."

"Mama, Mama tafadhali, mguu usitikisike."

"Nikaletewa chai," aliendelea mama mkwe, akimtazama mwanawe, ambaye alikuwa tayari ameziba mdomo. "Chai ya moto, kikombe cha maua. Naye binti akatoka. Nikasubiri anitazame usoni. Hakunitazama usoni, jamani! Alinitazama viatu! Alivitazama mpaka nikahisi vinaona haya. Nikajisemea, mwanangu umekwisha, huyu siku moja atajaza nyumba yako—"

"Sikutazama viatu."

"Ulitazama! Tena ulikunja pua. Kikombe kikaniponyoka, chai chwaa, hapa hapa puani. Unajua ulifanya nini? Mkwe gani huyo? Badala ya kusema pole, ulikwenda ndani mbio ukarudi na mswaki, wa baba yako mzazi, mzee wa watu akiutafuta mpaka—"

Kinyozi aliacha kucheka, mdomo ukabaki wazi.

Mama mkwe aliuona uso wa mwanawe, akageuka, na neno lililokuwa ulimini akalimeza. Mlangoni alisimama kijana asiye na ndevu, mkoba begani, hajabisha hodi. Alikuwa amesimama pale muda wa kutosha kuegemea ubao. Mama Povu, bado magotini, aliibana sifongo bila kujua, na chai ikamtiririka mpaka kiwikoni. Babu Kikohozi hakumwamkia mtu. Macho yake yalikuwa kwenye doa la puani, bado bichi, na midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayejaribu kisa kipya.